Chaguo Ambalo Hakuna Aliyelichagua: Uhakiki wa Mipangilio ya Muunganisho wa Hifadhidata kwa Kuitazama kutoka Kisugu, Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki matini ambayo kwa kawaida haihesabiwi kuwa matini: mstari wa mipangilio unaoiunganisha programu na hifadhidata yake, pamoja na ujumbe wa hitilafu unaotolewa na kiendeshi pale muunganisho unaposhindikana. Mfano mkuu ni kiendeshi cha MySQL kwa programu za Java, kinachotumiwa na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliozaliwa Afrika Mashariki. Makala inahoji kwamba hitilafu ya ukanda wa saa katika kiendeshi hicho huonekana au hufichika kutegemea upande wa Greenwich anakoishi mtumiaji, na kwamba msamiati wa Kiswahili wa kompyuta, kwa kuiita thamani isiyoandikwa na mtu “chaguo-msingi”, umesaidia kuifunika hali hiyo. Kisugu, mtaa wa Kampala, inachukuliwa kuwa mahali pa kusomea matini hiyo.

Maneno muhimu: uhakiki, kiendeshi, hifadhidata, ukanda wa saa, istilahi, rekodi za afya

1. Utangulizi

Kisugu iko katika Divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa jiji la Kampala, kati ya kilima cha Muyenga na mabonde ya Namuwongo na Kabalagala. Pana kituo cha afya cha daraja la tatu kinachosimamiwa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, na katika kituo cha daraja hilo huwapo wodi ya wazazi. Chukulia kwamba mama amejifungua hapo saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Mkunga anatazama saa ya ukutani na kuandika kitabuni: 1 Julai, 2:00 usiku wa manane. Asubuhi karani anaingiza taarifa hiyo kwenye kompyuta. Yeye na mkunga hawakukosea. Hata hivyo inawezekana kabisa kwamba ndani ya hifadhidata mtoto huyo amezaliwa tarehe 30 Juni, saa tano usiku.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Uganda huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mtoto amehamishwa siku, mwezi, robo mwaka na mwaka wa bajeti kwa pigo moja. Na endapo, Mungu aepushe mbali, atafariki ndani ya juma lake la kwanza, kifo hicho kitahesabiwa au hakitahesabiwa kuwa cha kipindi cha mapema cha uchanga kutegemea saa gani ilitumika kuanzia kuhesabu. Afisa wa takwimu anayesoma jedwali mwishoni mwa robo mwaka hana njia ya kujua kwamba mstari mmoja wa herufi zisizozidi mia mbili, ulioandikwa siku programu iliposakinishwa, ndio ulioamua.

Uhakiki wa Kiswahili umejengwa juu ya riwaya, ushairi na tamthilia, na una haki ya kujivunia hilo. Lakini maswali yake ya msingi hayafungwi na tanzu hizo. Nani anasema? Anamsemesha nani? Nini kimenyamaziwa kwa sababu msemaji alidhani kila mtu anakijua? Maswali haya yanaweza kuulizwa mbele ya mstari wa mipangilio vilevile, na majibu yake yana uzito kwa yeyote anayetunga sera ya takwimu za afya katika eneo hili.

2. Matini yenyewe

Kiendeshi cha hifadhidata ni programu ndogo inayokaa kati ya programu kubwa, kwa mfano ile ya rekodi za wagonjwa, na hifadhidata inayotunza data. Jina “kiendeshi” linapotosha kidogo, kwani hakiendeshi chochote. Kazi yake ni ya mkalimani: huchukua maneno ya upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili katika lugha ya upande huo, kisha hurudi na jibu. Na kama mkalimani yeyote, anapewa maagizo kabla ya kuanza kazi: nani anazungumza, kwa mwandiko gani, na saa yake inasoma nini. Maagizo hayo ndiyo mipangilio ya muunganisho.

OpenMRS ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na shirika la Partners In Health, na chimbuko lake ni kazi ya rekodi za wagonjwa wa VVU magharibi mwa Kenya, Mosoriot na Eldoret. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret. Nchini Uganda ndiyo msingi wa UgandaEMR, mfumo unaoendelezwa chini ya Skuli ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere na kutumika katika vituo vingi vya umma vinavyotoa dawa za kupunguza makali ya VVU. Imeandikwa kwa Java na kwa miaka mingi data yake imewekwa katika MySQL. Kwa hiyo mkalimani wake ni kiendeshi cha MySQL kwa Java.

Mstari wa muunganisho ambao OpenMRS iliuandika yenyewe katika faili la mipangilio wakati wa kusakinishwa ulikuwa na anwani ya seva, jina la hifadhidata, kisha mfululizo wa maagizo: “autoReconnect=true”, “sessionVariables=storage_engine=InnoDB”, “useUnicode=true” na “characterEncoding=UTF-8”. Inafaa kuyasoma polepole, kwa sababu kila agizo ni kumbukumbu ya hofu fulani.

Agizo la kwanza linasema: muunganisho ukikatika, jiunganishe upya. Ni agizo la mtu anayejua umeme na mtandao hukatika. Ajabu ni kwamba mwongozo wa kiendeshi chenyewe hauipendekezi njia hiyo, kwa sababu muunganisho mpya haujui lolote kuhusu kazi iliyokuwa nusu njiani; mkalimani amerudi chumbani, lakini amesahau sentensi iliyokuwa ikisemwa. Yale mawili ya mwisho yanahusu mwandiko, nayo ni ya haki. Bila hayo, katika seva za zamani ambazo mwandiko wake wa msingi ulikuwa wa lugha za Ulaya Magharibi, herufi “ŋ” ya Kiganda ingegeuka alama ya kuuliza, na jina la mgonjwa lingebaki hivyo milele.

Agizo la pili ndilo lenye kisa. Zamani MySQL ilihifadhi majedwali kwa injini iitwayo MyISAM, isiyoweza kurudisha nyuma kazi iliyokatizwa katikati. Waandishi wa OpenMRS, kwa busara, waliamuru kila muunganisho utumie InnoDB, inayoweza. Kuanzia toleo la 5.5, lililotoka rasmi mwishoni mwa 2010, InnoDB ikawa injini ya kawaida, na agizo likapoteza sababu yake. Halikufutwa. Kisha katika toleo la 5.7, lililotoka rasmi Oktoba 2015, jina “storage_engine” liliondolewa na kubaki “default_storage_engine” peke yake. Fundi aliyeisasisha seva akiwa na mstari wa zamani alikuta programu haiwaki: seva inalalamika kwamba haijui neno aliloambiwa na kiendeshi. Data ilikuwa salama na nywila ilikuwa sahihi. Mlinzi aliyewekwa kulinda rekodi ndiye aliyefunga mlango, kwa sababu aliitwa kwa jina lililofutwa.

Hitilafu ya aina hii, pamoja na usumbufu wake, ina heshima moja: inapiga kelele. Kituo kinajua kwamba mfumo umesimama, kinarudi kwenye vitabu vya karatasi, na fundi anaitwa. Hitilafu ya pili, ile ya saa, haina heshima hiyo.

3. Ujumbe unaosema “lazima” na “ukitaka” katika pumzi moja

Kiendeshi cha MySQL kwa Java cha toleo la 8.0, kilichotoka rasmi Aprili 2018, kilibadilisha namna ya kushughulikia saa. Kilipounganishwa, kiliiuliza seva: uko katika ukanda gani wa saa? Seva nyingi hujibu kwa kifupisho kinachotolewa na mfumo endeshi, na kiendeshi kilikitafuta kifupisho hicho katika orodha yake. Kisipokiona, muunganisho ulikataliwa kwa ujumbe ambao mafundi wengi duniani waliujua kwa moyo. Maana yake ni hii: thamani fulani ya ukanda wa saa wa seva haitambuliki, au inawakilisha zaidi ya ukanda mmoja, ni lazima usanidi ama seva ama kiendeshi, kwa kutumia “serverTimezone”, ili kitumie thamani mahususi zaidi, ukitaka kunufaika na huduma ya kanda za saa.

Kimtindo, ujumbe huu una kasoro tatu. Unasema “haitambuliki” bila kusema na nani. Msomaji anadhani saa yake ndiyo mbovu, kumbe orodha ya kiendeshi ndiyo fupi. Unaunganisha kwa “au” mambo mawili yaliyo mbali: kutojua na kujua kupita kiasi. Na unaanza kwa “lazima” ukamalizia kwa “ukitaka”, kana kwamba msomaji ameomba huduma ya ziada, ilhali alichotaka ni kufungua programu ya kazi. Juu ya yote, ujumbe unataja njia mbili, kurekebisha seva au kukirekebisha kiendeshi, na hausemi hata neno moja kuhusu kitakachotokea data ikichaguliwa njia moja badala ya nyingine. Hapo ndipo ukimya wa matini unapokuwa na gharama.

Mafundi, wakiwa na foleni ya wagonjwa nje, walichagua njia fupi. Dawa iliyozagaa ni kuongeza maneno machache mwishoni mwa mstari: “serverTimezone=UTC”. Ujumbe unatoweka na programu inawaka. Lakini fundi ambaye seva yake iko katika saa ya Afrika Mashariki amekwisha kumwambia mkalimani uongo. Kuanzia hapo, katika matoleo yale ya mwanzo ya 8.0, kila wakati ulioandikwa kupitia programu ulirudishwa nyuma saa tatu kabla ya kuhifadhiwa, na ulipokuwa ukisomwa kupitia programu hiyohiyo ulisogezwa mbele saa tatu. Kwenye skrini ya karani kila kitu kiko sawa. Anayesoma hifadhidata moja kwa moja, kama wafanyavyo waandaaji wa ripoti, anakuta mtoto wa saa nane usiku amezaliwa saa tano usiku wa siku iliyotangulia. Na rekodi zilizowekwa wakati na seva yenyewe, bila kupitia kwa mkalimani, hugeuka kinyume: jedwalini ziko sawa, kwenye skrini ziko mbele saa tatu. Hifadhidata moja inakuwa na kalenda mbili, bila alama ya kuzitenga.

Kifupisho kikitambuliwa vibaya, hata kelele ya mwanzo haipo. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha China, ambako seva nyingi hujitambulisha kwa herufi CST. Kwa Beijing herufi hizo ni saa ya China, saa nane mbele ya Greenwich. Kiendeshi kilizisoma kuwa saa ya katikati ya Marekani, saa sita nyuma yake. Nyakati zikapotoka kwa saa 14, au 13 wakati wa kiangazi cha Marekani, na muunganisho haukulalamika hata kidogo. Herufi tatu zilikuwa na wasomaji wawili, na kiendeshi kilikuwa kimekwisha kuamua ni yupi anayestahili kusikilizwa.

4. Upande wa mashariki wa Greenwich

Hapa ndipo makala hii inaposimama. Inaweza kusemwa kwamba hitilafu ya saa ni ya watu wote, kwamba programu haina utaifa. Tazama jinsi tarehe tupu, isiyo na saa, inavyoathirika, kwa mfano tarehe ya kuzaliwa. Katika njia ya kale ya Java ya kushika tarehe, tarehe hiyo huwa ni saa sita kamili usiku ya mahali programu ilipo. Kiendeshi kikiambiwa seva iko UTC, huihamisha saa hiyo. Saa sita usiku ya Kampala ni saa tatu usiku ya siku iliyotangulia kule Greenwich. Saa ikikatwa na kubakizwa tarehe, mgonjwa amezeeka kwa siku moja.

Sasa rudia hesabu hiyo ukiwa Chicago. Saa sita usiku ya Chicago ni saa kumi na mbili asubuhi ya Greenwich, au saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi, na ni siku ileile. Saa ikikatwa, tarehe ni sahihi. Mwandishi wa programu aliyeko popote katika bara la Amerika anaweza kujaribu mipangilio hiyo mara elfu na asione tarehe hata moja ikirudi nyuma. Anayeishi Kampala, Nairobi, Muscat au Mumbai ataiona siku ya kwanza, ikiwa anajua pa kutazama. Wala hakuna haja ya kudai njama. Mtu hujaribu kazi yake kwa saa iliyo ukutani mwake, na pale saa hiyo inapokuwa magharibi mwa Greenwich kosa hujificha nyuma ya jibu lililo sawa kwa bahati.

Ni haki kueleza kwamba kiendeshi kilirekebishwa. Toleo la 8.0.22 liliacha kuzihamisha thamani za Java zisizobeba ukanda wa saa, na toleo la 8.0.23, la Januari 2021, lilileta agizo jipya, “connectionTimeZone”, ambalo mtu asipoliandika huchukua saa ya mashine inayoendesha programu badala ya kuiuliza seva. Jina la zamani, “serverTimezone”, lilibakizwa kuwa jina la pili la agizo hilo. Yule ujumbe wenye “lazima” na “ukitaka” ukawa nadra. Marekebisho haya ni mema. Lakini yamehamisha imani kutoka seva kwenda kwenye mashine ya programu, na siku hizi programu nyingi huendeshwa ndani ya makontena ambayo, yasipoambiwa vingine, husoma UTC. Aidha, mstari wenye “serverTimezone=UTC” ulioandikwa kwa haraka mwaka 2019 hauondoki kwa kusasisha kiendeshi. Unabaki katika faili lake, kama lile agizo la “storage_engine” lilivyobaki, ukisubiri.

Ieleweke pia kwamba hoja hii si dhidi ya UTC. Kuhifadhi nyakati zote kwa UTC ni desturi njema, hasa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo sasa ina nchi wanachama kutoka Mogadishu hadi Kinshasa, yaani kanda tatu za saa. Sudan Kusini yenyewe ilihama kutoka saa tatu mbele ya Greenwich hadi saa mbili tarehe 1 Februari 2021. Mfumo wowote wa Juba uliokuwa ukihifadhi saa za mahali bila kuandika ukanda ulibaki na saa moja ya usiku ule iliyotokea mara mbili. UTC ikiwa ni uamuzi, ulioandikwa, unaojulikana na seva, programu na mwandaaji wa ripoti, ni ngao. Ikiwa ni neno la kunyamazishia ujumbe, ni sumu.

5. Watu wenye saa mbili

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo la kuchekesha katika haya yote. Yeye ameishi na tofauti ya saa maisha yake yote. Kiganda nacho huhesabu kutoka mawio na machweo: ssaawa munaana ez'ekiro ni saa nane usiku, na saa ya mkononi inaonyesha mbili. Katika uchochoro wowote wa Kisugu, ambako Kiganda, Kiswahili na Kiingereza hukutana katika duka moja, watu huhamisha saa sita kwenda na kurudi siku nzima bila kukosa basi. Wanaweza kwa sababu kila msemaji anajua ni saa ya nani inayotajwa. Shaka ikiwepo, huuliza: saa ya Kiswahili au ya Kizungu?

Hilo ndilo swali ambalo kiendeshi kilipaswa kumuuliza fundi, na kwa maneno mepesi kama hayo.

Kiswahili kina usahihi mwingine ambao kompyuta imeukosa. Katika hesabu ya kale ya pwani siku huanza machweo, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya kigeni ilipoingia, ambayo siku yake hukatika saa sita usiku, lugha haikukubali utata ubaki. Ikatumia “usiku wa kuamkia”. Anayesema “usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai” ameutaja usiku na asubuhi inayoufuata kwa pamoja, na hakuna mkalimani wa kawaida atakayempoteza. Katika hifadhidata usemi huo hauna safu ya kuwekwa. Mkunga wa Kisugu anayezungumza na mama kwa saa nane huandika 2:00, kwa kuwa fomu imeshaamua saa ya nani itumike. Tafsiri ya kwanza hufanyika kichwani mwake, kabla ya kiendeshi chochote.

6. Neno “chaguo-msingi”

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, na kampuni kubwa za programu kufuata njia hiyo, Kiswahili kimepata msamiati mpana wa skrini: faili, kabrasha, hariri, bandika, hifadhi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na imezaa matunda. Lakini ni msamiati wa anayebonyeza. Msamiati wa anayesanidi haujafikiwa kwa kiasi hicho, na pale ulipofikiwa una mtego.

Mtego ulio wazi ni “chaguo-msingi”, neno linalotumika sasa kwa thamani ambayo programu huichukua pale mtumiaji asipoandika kitu. Neno linasema chaguo. Nani amechagua? Fundi wa Makindye hakuchagua. Mara nyingi hakujua kwamba kuna cha kuchagua. Aliyechagua ni mwandishi wa kiendeshi, mbali na hapo, kwa kutazama hali alizozijua. Istilahi imempa asiyechagua sifa ya kuwa amechagua, na hapohapo lawama. Kosa likigunduliwa, ripoti ya ukaguzi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi kwamba “kituo kilitumia chaguo-msingi”, na sentensi hiyo ikasikika kama uzembe.

“Thamani ya kurithi” lingekuwa karibu zaidi na ukweli: kitu ambacho mtu amejikuta nacho, kilichoachwa na wengine, anachoweza kukikataa akikijua. Kuna pingamizi la haki kwamba “urithi” limekwisha kutumika kwa dhana nyingine katika uandishi wa programu. “Thamani ya mtengenezaji” halina pingamizi hilo, na linamtaja mhusika. Kwa mshauri wa sera faida yake ni kubwa kuliko uzuri wa sauti: hati ya zabuni inayodai “orodha ya thamani zote za mtengenezaji zilizoachwa bila kubadilishwa” inaeleweka hata na asiye fundi, na inalazimisha jibu.

“Saa za eneo”, neno ambalo simu nyingi hulitumia, nalo linahitaji neno moja la tahadhari. Linaashiria mahali, ilhali kiendeshi kinataka jina kutoka orodha ya kimataifa, mfano “Africa/Kampala”. Katika orodha hiyo jina la Kampala siku hizi ni lakabu tu linaloelekeza kwa Nairobi, kwa sababu miji ambayo saa zake hazijatofautiana tangu 1970 imeunganishwa. Kwa rekodi za leo hakuna madhara. Miji yote miwili iko saa tatu mbele ya Greenwich. Kabla ya hapo saa za eneo hili ziliwahi kuwa mbili na nusu, na mbili na dakika 45, na tarehe za mabadiliko hazikuwa zilezile pande zote mbili za mpaka. Mtafiti wa nyaraka za kikoloni anayezitia saa za zamani kwenye mfumo wa kisasa atapewa historia ya Nairobi kwa jina la Kampala.

7. Kinachoweza kudaiwa

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya 2005 yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Mjadala tangu hapo umekuwa wa shule na Bunge. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa upande wake, inamtaka anayekusanya data ahakikishe ni kamili, sahihi na zisizopotosha. Mambo haya mawili hayajakutanishwa, na mahali pazuri pa kuyakutanisha ni padogo sana: ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kazi ya kituo, unaobandikwa karibu na seva na kueleza seva inasoma saa gani, programu inasoma saa gani, kiendeshi kimeambiwa nini, na nani aliandika hivyo lini. Hakuna bajeti inayohitajika kuuandika ukurasa huo. Kinachohitajika ni mtu aliyepewa haki ya kuuliza na maneno ya kuulizia.

Kwa mifumo mipya, wanunuzi wa umma wanaweza kudai jaribio moja kabla ya kupokea kazi. Ingiza kuzaliwa kwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 ya mwezi. Kisome kwenye skrini, kisome jedwalini moja kwa moja, kisome katika ripoti ya mwezi. Majibu matatu yafanane, au tofauti yake iwe imeandikwa katika ule ukurasa. Jaribio huchukua dakika chache, na lifanywe na mashine iliyoko Kampala, si iliyoko magharibi mwa Greenwich.

Kwa rekodi ambazo tayari zina kalenda mbili hakuna tiba ya jumla. Kuongeza saa tatu kwa kila mstari kutaziharibu zile zilizoandikwa na seva yenyewe. Inabidi kutafuta siku ambayo mstari wa mipangilio ulibadilishwa, na siku hiyo mara nyingi haikuandikwa popote. Kilichobaki ni kitabu cha wodi. Kimeandikwa kwa kalamu, kwa saa moja tu, ile iliyokuwa ukutani, na pale kinapotofautiana na jedwali ndicho cha kufuatwa.